Sarafu Ukingoni mwa Mashine

Mwalimu Kuramochi huchora nyuso.
Mimi huchora vilivyobaki:
nyaya, viti vya duara, mvua ya Niigata
kwenye kioo cha ukumbi wa mashine za michezo,
na nywele za Orie.
Nyeusi tii. Kila toleo hunywa chupa nzima ya wino.
Mwaka wa nne huu nazipaka, unywele kwa unywele,
nami ni wa kwanza kujua
kwamba hatachaguliwa.

Najua tangu Jumanne. Mwalimu alirudi kutoka kwa mhariri,
koti linadondoka maji, akasema,
"Ni Fumino,"
kisha akaomba chai.
Penzi la kurasa elfu mbili likakatwa shauri
kabla birika halijachemka.

Na mvulana mwenyewe sasa!
Shunpei, miaka kumi na sita,
vidole vyepesi, kichwa kizito.
Huliona teke kabla mguu haujanyanyuka,
lakini Orie akimletea mkate wa maharagwe
siku kumi na moja mfululizo
hujiuliza kama duka lao linafilisika.
Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakumjua Shunpei.
Ungemkoholea usoni, angekupa dawa.

Fumino siwezi kumchukia. Nimejaribu.
Ana kucha zilizotafunwa, hucheka akishindwa,
hubonyeza vitufe kama anayeua siafu.
Sura ya thelathini na tisa sarafu yake iliponyoka,
ikabingirika hadi chini ya mashine.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
akainama, Shunpei naye akainama,
vichwa vikagongana, ngo!
Hiyo ngo niliichora mimi, herufi nene zenye nyufa.
Na pale chini, penye vumbi na vizibo vya soda,
wakatazamana.
Orie alikuwa amesimama.
Alikuwa akiwalindia zamu.

Shuleni walitufunza kwamba pembe za pembetatu
hazizidi nyuzi mia na themanini;
moja ikitanuka, nyingine hubanwa.
Hawakutufunza iliyobanwa
hufanya nini jioni.

Mimi nafahamu kidogo.
Akita, nikiwa na miaka kumi na saba,
ukumbi ulikuwa juu ya duka la samaki
na kila ushindi ulinuka dagaa.
Nilimwachia Naotaka mchezo mara tatu ili asiende nyumbani.
Mara ya nne alikuja na msichana mwenye skafu nyekundu,
akaniomba nimfundishe.
Nikamfundisha. Nikamfundisha vizuri, mjinga mimi,
mpaka lile pigo la kuzungusha kijiti nusu duara
ambalo sikuwahi kumwonyesha mtu.
Naotaka nimeshamsahau.
Lile pigo bado linaniuma.

Saa tisa usiku. Ukurasa wa mwisho uko mezani,
Mwalimu kalala chini yake, soksi zimetoboka.
Shunpei na Fumino wanatoka, mwavuli mmoja,
bega moja la kila mmoja linalowa.
Orie kabaki, ametupa mgongo.
Uso haupo, hakuuchora.
Ameniachia nywele na mashine.

Nikapaka nywele.
Nikaosha brashi, nikaikausha, nikairudisha kikombeni.
Kisha nikaitoa tena,
na ukingoni mwa mashine, chini ya kioo chake,
nikachora duara dogo kama jicho la kuku.
Yeni mia.
Waliowahi kucheza wataelewa:
aliyeweka sarafu pale hajaondoka.
Anayefuata ni yeye.

Asubuhi Mwalimu aliupitia ukurasa,
kidole kikateremka, kikasita
juu ya lile duara.
Akaniangalia.
Nikakohoa.
"Wino umekudondoka hapa," akasema,
akautia ukurasa kwenye bahasha,
akailamba gundi,
akaifunga.